Karatasi za Boila Unapouza Nyumba Uingereza

Ukiuza nyumba England au Wales, swali la boila hulikwepi. Limo ndani ya TA6, fomu ndefu ya maelezo ya nyumba iliyotungwa na Law Society, chama cha mawakili, ambayo wakili wako atakupa uijaze mwanzoni mwa mauzo. Fomu inauliza kama nyumba ina mfumo wa kupasha joto, ni wa aina gani, ulifungwa lini, kama unafanya kazi vizuri, na mwaka gani ulifanyiwa sevisi mara ya mwisho. Halafu inakuja sehemu inayowakwamisha wengi: kama mfumo ulifungwa tarehe 1 Aprili 2005 au baadaye, leta nakala ya cheti.

Kwa mtu aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja hili ni jambo geni. Nyumbani gesi ni mtungi wa jikoni, na kuuza nyumba ni habari ya hati, mashahidi na serikali ya mtaa. Hakuna anayeuliza nani alifunga jiko. Huku mnunuzi anaweza kuipenda nyumba, benki ikakubali kumkopesha, na bado mauzo yakalala yakisubiri karatasi moja. Kulala huko kuna hatari yake. Anayenunua kwako mara nyingi naye anauza kwa mwingine, na hadi mikataba ibadilishwe, yeyote kati yenu anaweza kujitoa bila kulipa fidia. Ndiyo maana nakusihi uitafute karatasi hiyo kabla dalali hajaja kupiga picha, usingoje siku wakili wa mnunuzi atakapoiulizia.

Karatasi tatu zinazochanganywa

Ya kwanza, na ndiyo inayotakiwa na TA6, inaitwa Building Regulations Compliance Certificate. Tangu 1 Aprili 2005, boila ya gesi ikifungwa England au Wales, halmashauri lazima ijulishwe. Fundi aliyesajiliwa Gas Safe, rejista rasmi ya mafundi wa gesi, haendi halmashauri. Anaitangaza kazi yake kupitia Gas Safe Register ndani ya siku 30, rejista inaijulisha halmashauri, na mwenye nyumba anatumiwa cheti. Cheti hicho hakisemi kwamba boila iko salama leo. Kinachosema ni kwamba siku ilipofungwa, ilifungwa na mtu mwenye idhini na kazi ikatangazwa kuwa imefuata kanuni za ujenzi. Kwa hiyo hakina tarehe ya kwisha. Cha 2009 kinafaa leo ilimradi boila ni ileile.

Ya pili imo ndani ya kitabu cha boila chenyewe. Fungua kurasa za mwisho za kitabu cha ufungaji na utafute ukurasa uitwao Benchmark. Una visanduku ambavyo fundi alitakiwa kuvijaza siku alipoiwasha boila kwa mara ya kwanza: namba ya boila, tarehe, jina lake na namba yake ya Gas Safe, kiasi cha gesi kinachoingia, kama mabomba ya zamani yalisafishwa kabla ya kuunganishwa, na dawa gani ya kuzuia kutu ilitiwa kwenye maji yanayozunguka. Baada ya ukurasa huo kuna nafasi za sevisi za kila mwaka, na kila sevisi ina mhuri au sahihi yake. Mnunuzi anayeelewa mambo atazipekua kurasa hizi kwa makini kuliko cheti, kwa sababu zinamwonyesha jinsi boila ilivyotunzwa. Siku hizi watengenezaji wengine huziweka kumbukumbu hizi mtandaoni, kwa hiyo usipokuta maandishi kitabuni, muulize fundi wako.

Ya tatu ni rekodi ya usalama wa gesi, ambayo mafundi na madalali bado wanaiita CP12. Hii ni ya wenye nyumba za kupangisha. Kanuni za usalama wa gesi za 1998 zinawataka wakague vifaa vya gesi kila baada ya miezi 12 na kumpa mpangaji nakala. Wewe unayeishi kwenye nyumba yako mwenyewe sheria haikudai CP12 ili uuze.

Kuchanganya ya kwanza na ya tatu kunawagharimu watu fedha. Mtu anaambiwa na dalali kwamba anahitaji "cheti cha gesi", anamwita fundi, analipia ukaguzi, anampelekea wakili CP12 mpya, na wiki mbili baadaye swali linarudi vilevile: cheti cha kufungwa boila kiko wapi? Ukaguzi ule haukupotea bure kabisa, maana unamhakikishia mnunuzi kwamba boila inafanya kazi leo bila hatari. Lakini unajibu swali lingine. Ukisikia "cheti cha gesi", muulize anayekiomba anataka kipi: cha kufungwa au cha ukaguzi?

Cheti kisipoonekana

Anza na bahasha uliyopewa uliponunua nyumba. Kama boila ilikuwepo tayari, wakili wako wa wakati ule huenda alikipokea cheti kwa niaba yako na kimelala kwenye faili lake au kwenye barua pepe zako za zamani.

Kisipokuwemo, ingia kwenye tovuti ya Gas Safe Register, sehemu ya vyeti vya kanuni za ujenzi, utafute kwa anwani ya nyumba. Kumbukumbu zake zinarudi nyuma hadi Aprili 2005, zikiwemo za enzi ya CORGI, rejista iliyotangulia. Kazi ikionekana hapo, unalipa ada ndogo na unatumiwa nakala. Haidhuru kama iliyofungwa ni boila ya mwenye nyumba aliyekutangulia, kwa sababu kumbukumbu inafuata anwani. Wengi wanaodhani wamepoteza cheti wanamalizia hapa, bila kumpigia mtu simu.

Kazi isipoonekana, huenda haikutangazwa. Tafuta risiti, upate jina la aliyefunga. Kama bado amesajiliwa na alikuwa amesajiliwa wakati ule, mwombe aitangaze sasa. Kuchelewa ni kosa lake, na baadhi ya mafundi hulirekebisha siku hiyohiyo wakikumbushwa kwa adabu na kwa maandishi. Akikataa, peleka malalamiko Gas Safe Register. Usimwombe fundi mwingine atangaze kazi ambayo hakuifanya, kwani haruhusiwi. Anachoweza ni kuikagua na kukuandikia alichokikuta.

Njia zote hizo zikiziba, zimebaki mbili, na hapa kwenda haraka kunaweza kukuponza. Ya kwanza ni kuomba halmashauri ihalalishe kazi baada ya kufanyika. Ofisi ya ujenzi inakagua, inaweza kudai marekebisho, ikiridhika inatoa cheti. Ni njia safi, ila ina ada na inachukua muda. Ya pili ni bima ya kufidia kasoro, ambayo mawakili huipenda kwa sababu inapatikana siku moja. Unalipa mara moja tu, mara nyingi makumi ya pauni, na kampuni inaahidi kumfidia mnunuzi na benki yake kama halmashauri itawachukulia hatua kwa sababu kazi haikutangazwa.

Bima hiyo ina sharti ambalo wauzaji hulivunja bila kujua. Kampuni hutaka halmashauri iwe haijaguswa kuhusu jambo hilo. Ukishapiga simu kuuliza kama boila yako ina kibali, hata ukiuliza kwa nia njema, bima inaweza kukataliwa. Ongea na wakili wako kwanza, chagueni njia, ndipo mtu ainue simu. England jambo hili limepata uzito zaidi tangu Oktoba 2023, kwa sababu muda wa halmashauri kumlazimisha mwenye nyumba kurekebisha kazi iliyokiuka kanuni umeongezwa kutoka mwaka 1 hadi miaka 10.

Maoni yangu juu ya bima hii ni haya. Inunue kama wakili anaihitaji ili mauzo yaende, lakini usiishie hapo. Inafidia hasara ya fedha tu, na yenyewe haitengenezi bomba la moshi lililolegea. Boila inayochoma vibaya hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo humwanza mtu kwa kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na inaweza kumuua usingizini. Familia itakayohamia hapo itakuwa na watoto wake. Boila isiyo na cheti ndiyo hasa inayohitaji jicho la fundi, kwa hiyo lipa sevisi na ukaguzi, zote mbili kwa pamoja, karibu pauni mia kwa miji mingi, na uambatanishe ripoti. Kama nyumba haina kengele ya kaboni monoksaidi, nunua moja uiache ukutani. Na mtu yeyote akisikia harufu ya gesi au akihofia hewa hiyo, afungue madirisha, atoke nje na kupiga 0800 111 999.

Fundi wa kujuana

Katika jamii zetu huku hakosekani ndugu anayemjua jamaa wa kufunga boila Jumamosi, kwa nusu ya bei, fedha mkononi. Pengine mikono yake ni mizuri. Lakini kufanya kazi ya gesi ya malipo kwenye nyumba ya mtu bila kusajiliwa Gas Safe ni kosa la jinai, na kwa kuwa hawezi kuitangaza, boila aliyoifunga haitapata cheti kwa njia ya kawaida hata ipashe joto miaka kumi na mitano. Nafuu uliyoipata siku ile utairudisha siku ya kuuza, kwa ada za halmashauri, au kwa mnunuzi anayekata bei ya boila mpya, na hiyo ni pauni elfu mbili na zaidi.

Utaratibu huu wa kusajili mafundi una historia ya msiba. Tarehe 16 Mei 1968, gesi ililipuka ndani ya Ronan Point, jengo jipya la ghorofa 22 mashariki mwa London, na pembe nzima ya jengo ikaporomoka. Watu wanne walikufa. Mwaka 1970 CORGI ikaanzishwa, mwaka 1991 kusajiliwa kukawa lazima kwa wafanyabiashara wa gesi, na tarehe 1 Aprili 2009 Gas Safe Register ikachukua nafasi yake. Fundi anayekuonyesha kadi ya CORGI leo kama idhini ya kugusa gesi, mwage kwa heshima.

Kadi ya Gas Safe ni ya njano, ina picha, namba ya leseni na tarehe ya mwisho. Igeuze. Nyuma kumeandikwa aina za kazi alizoidhinishwa, na hapo ndipo watu hawatazami: mtu anaweza kuwa na idhini ya majiko na asiwe na ya maboila. Namba unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya rejista wakati yeye anavua viatu mlangoni.

Ukiwa unabadilisha boila sasa hivi kwa sababu unataka kuuza, usilipe salio la mwisho kabla hujaahidiwa kwa maandishi kwamba kazi itatangazwa, na andika tarehe ya kwenda kuitafuta kwenye rejista.

Kuijua tarehe ya boila

Mtu anaweza kuishi na boila miaka mingi asijue ilifungwa lini. Fungua kifuniko cha chini cha mbele, kile kinachofunguka kwa mkono tu bila bisibisi, utaona kibandiko chenye jina la modeli na namba ndefu. Watengenezaji wakipewa namba hiyo hukuambia mwaka ilipotengenezwa. Kifuniko kikubwa usikiguse, hicho ni cha fundi.

Kama ilifungwa kabla ya Aprili 2005, cheti hiki hakidaiwi. Andika hivyo na uendelee. Ila tarehe hiyohiyo ilileta jambo jingine: England na Wales zilianza kutaka boila mpya za gesi ziwe za aina inayovuna joto la moshi wake kabla haujatoka nje. Utaitambua kwa bomba dogo la plastiki linalotoa maji kutoka chini ya boila kwenda kwenye mfereji, na wingu jeupe nje ukutani siku za baridi. Ikiwa boila yako ni ya baada ya tarehe hiyo na si ya aina hii, lazima kulikuwa na tathmini iliyoonyesha kwamba nyumba haikuruhusu, na TA6 inaitaja fomu ya mazingira hayo ya pekee. Isipokuwepo, mwambie wakili mapema.

Namna ya kujibu fomu

Jibu unachokijua na useme unachokikosa. Mfano wa jibu linalotosha: mfumo ulifungwa mwaka 2016 na wamiliki waliotangulia, cheti hatuna, sevisi ya mwisho ilikuwa Septemba mwaka jana, ripoti imeambatanishwa. Sentensi kama hiyo inampa wakili wa mnunuzi cha kufanyia kazi siku hiyohiyo. Kuandika kwamba cheti kipo na "kitafuata" wakati hujawahi kukiona ni kujitega, kwa sababu kazi zilizotangazwa huonekana kwenye upekuzi ambao wakili wa mnunuzi anauagiza kutoka halmashauri. Isipoonekana huko, swali litakurudia likiwa na shaka ndani yake.

Ukisema mfumo unafanya kazi vizuri, uwe umeuwasha. Unapouza nyumba Julai ni rahisi kusahau kwamba rejeta ya chumba cha nyuma haikupata joto tangu Februari. Ziwashe rejeta zote kwa saa moja, pita chumba hadi chumba ukizishika kwa mkono. Kuna kasoro? Irekebishe au iandike. Maelezo ya uongo yaliyomshawishi mtu kununua yanaweza kukurudisha kwenye madai chini ya Misrepresentation Act ya 1967, hata baada ya kukabidhi funguo.

Mkaguzi wa majengo anayetumwa na mnunuzi haipimi boila. Huitazama tu, na kwa kawaida huandika kwamba ikaguliwe na fundi wa Gas Safe. Usishangae basi mnunuzi akiomba kumleta fundi wake. Mkubalie, na uwepo mwenyewe. Fundi akikuta hatari anaweza kuiandika boila kuwa ya hatari ya papo hapo, na kukuomba ruhusa ya kuizima. Ni afadhali hilo likukute na fundi wako wiki mbili kabla ya tangazo.

Mambo mengine kwa ufupi

EPC, cheti cha matumizi ya nishati, lazima kiwepo au kiwe kimeagizwa kabla nyumba haijatangazwa. Kinadumu miaka 10 na kipo mtandaoni, kila mtu anakiona. Kama ulibadilisha boila baada ya cheti cha mwisho, kipya kinaweza kukupandishia daraja.

Waranti ya mtengenezaji nayo ni mali. Angalia kama inahamishika kwa mmiliki mpya na kama sevisi za kila mwaka zimefuatwa, maana mwaka ulioruka unaweza kuivunja. Boila iliyochukuliwa kwa mkopo, maliza deni au mwambie wakili kiasi kilichobaki.

Wenye fleti watazame bomba la moshi linapopita. Katika majengo mengine limefichwa juu ya dari ya gipsamu, na fundi asipoweza kuliona kupitia tundu la ukaguzi ataiandika boila kuwa na hatari. Kutoboa matundu hayo kunaweza kuhitaji ruhusa ya mmiliki wa jengo, na ruhusa hiyo huchelewa kuliko kazi yenyewe.

Kama umerudi Dar es Salaam au Nairobi na nyumba uliyoacha Leicester ina mpangaji, CP12 inabaki kuwa wajibu wako hadi siku ya kukabidhi, hata kama wakala ndiye anayesimamia. Mwombe wakala akutumie rekodi za miaka miwili iliyopita kabla hujatangaza, na panga ukaguzi mpya usiangukie katikati ya mauzo.

Scotland ina njia yake. Huko nyumba huuzwa na Home Report, tangu 1 Desemba 2008, na ndani yake mna dodoso la muuzaji linalouliza habari za mfumo wa joto. Utaratibu wa Gas Safe kuijulisha halmashauri nilioueleza hapa ni wa England na Wales. Wakili wa Scotland ndiye wa kumuuliza kuhusu vibali vya huko.

Siku ya kukabidhi, piga picha ya mita ya gesi ikionyesha namba, acha kitabu cha boila na vyeti asilia jikoni, na mwonyeshe wakili orodha ya ulivyoacha. Kabla ya hapo, piga nakala za kila kitu, pamoja na TA6 uliyoijaza na ripoti ya fundi, uzihifadhi mahali utakapozipata ukiwa nchi yoyote. Madai ya aina hii kwa kawaida yana muda wa miaka 6, kwa hiyo usizifute kabla miaka hiyo haijapita.